Sampuli ya Karembo

Kwa miaka 13 sasa kazi yangu imekuwa kusoma sampuli za wagonjwa katika maabara ya hospitali moja hapa Nairobi, na sehemu kubwa ya sampuli hizo hutoka katika uke wa wanawake. Napaka ute kwenye kioo, naupitisha katika rangi kwa njia aliyoibuni Hans Christian Gram mwaka 1884, kisha nainamia hadubini kutafuta kitu kimoja kabla ya vingine vyote: vijiti vinene vya rangi ya zambarau. Hao ni bakteria waitwao laktobasili. Mjerumani Albert Döderlein aliwaeleza mwaka 1892, na elimu kubwa ya afya ya uke wa mwanamke imejengwa juu yao, kwa kuwa hutengeneza asidi ya laktiki inayoshusha pH, yaani kipimo cha asidi ambacho namba ndogo humaanisha asidi kali, hadi chini ya 4.5, na katika ukali huo bakteria wengi wa maradhi hushindwa kustawi. Wakiwa wengi naandika kwamba sampuli ni ya kawaida. Wakiadimika, na nafasi yao ikachukuliwa na vijidudu vidogo vya mchanganyiko, nahesabu alama kwa kipimo cha Nugent cha mwaka 1991, na zikifika 7 au zaidi kati ya 10 majibu yangu hubadilika.

Naanza na kazi yangu kwa sababu ndiyo iliyonipotosha siku nilipoletewa majibu ya ng'ombe.

Mama anafuga ng'ombe wanne wa maziwa huko Uthiru, kwenye kipande cha ardhi alichoachiwa na marehemu baba, upande wa magharibi wa jiji ambako nyumba za kupangisha zimesogea hadi ukingoni mwa zizi. Ng'ombe hao hawaendi malishoni; hukatiwa majani ya nepia, hupewa nyasi kavu na unga wa kulisha ng'ombe wa maziwa wa kununua dukani, na maziwa yao huuzwa asubuhi na jioni kwa majirani. Karembo ndiye mkubwa wao, Friziani mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Alizaa mwezi Machi, akazaa vizuri bila kusaidiwa, kondo la nyuma likatoka lenyewe kabla ya jua kuchwa. Alipandishwa mbegu tarehe 20 Mei, akarudi joto baada ya siku 21. Akapandishwa tena tarehe 10 Juni, akarudi. Akapandishwa tarehe 1 Julai, na tarehe 22 tulimkuta amesimama akilia, ute ukimning'inia kama uzi wa kioo.

Ng'ombe anayerudia mara tatu na zaidi bila kuonyesha kasoro yoyote ni mzigo unaojulikana na kila mfugaji. Kila mzunguko unaopotea ni siku 21 za chakula bila mimba. Mama akashauriwa apeleke sampuli ya ute wa uke wa Karembo maabara, akapeleka, na baada ya siku chache akanitumia picha ya majibu kwa simu. Karatasi ilisema kwamba bakteria wa E. koli na streptokokasi wameota kwa wingi, ikafuatiwa na orodha ya viuavijasumu vinavyoweza kuwaua.

Nilimjibu bila kusitasita: "Mama, hapo ndipo tatizo lilipo. Mtibu."

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Uthiru nikiwa na karatasi za kupimia pH nilizozoea kuzitumia kazini. Nilichukua ute wa Karembo, nikaupaka kwenye karatasi, rangi ikaonyesha 7 na kidogo. Kwa mwanamke, kipimo hicho kingenifanya niandike majibu kwa kalamu nyekundu. Nilimwonyesha Mama ile karatasi kama mtu aliyeleta ushahidi mahakamani. Karembo akatibiwa mara ya kwanza mwishoni mwa Julai kwa dawa ya kuwekwa ndani ya mfuko wa uzazi, na mara ya pili katikati ya Agosti kwa sindano, baada ya sampuli ya pili kuotesha bakteria walewale. Katika siku za kusubiri dawa iishe mwilini, Mama alimwaga maziwa yasiyopungua lita 120 kwenye shimo la samadi. Alifanya hivyo kwa uaminifu ambao ninaustahi, kwa kuwa hakuna aliyemsimamia, na wanunuzi wake wasingejua.

Aliyetuzuia kwenda awamu ya tatu ni jirani yetu mmoja, daktari wa mifugo aliyestaafu, ambaye Mama humwita mzee kwa heshima na mimi humwita mwalimu. Aliisoma karatasi ya maabara, akairudisha, akauliza maswali manne. Je, Karembo anatoka usaha? Hapana, ute wake ni mwangavu kama kioo. Je, ananuka? Hapana. Amewahi kuwa na homa tangu azae? Hapana. Swali la nne ndilo lililonitoa usingizini: "Na sampuli ya ng'ombe wenu asiye na shida mmeipeleka lini?"

Hatukuwa tumeipeleka. Mimi, ambaye nimefundishwa kwamba majibu yasiyolinganishwa na kitu hayana maana, sikuwa nimewaza kuuliza uke wa ng'ombe mwenye afya una nini ndani yake. Nilichukulia kwamba una kile nilichozoea kukiona kwa wanawake.

Rafiki niliyesoma naye chuo, ambaye sasa anafanya kazi katika maabara ya mifugo, alikubali kutuoteshea sampuli mbili: moja ya mtamba wa Mama ambaye hajawahi kupandishwa wala kuonana na dume, na nyingine ya ng'ombe ambaye kila mwaka hushika mimba kwa mbegu ya kwanza. Nilimwomba asiniambie ni sahani ipi ya nani hadi nimezitazama. Kwenye agari ya damu, ile jeli ya kuoteshea bakteria, mlikuwa na makundi madogo meupe ya stafilokokasi, streptokokasi wa aina zaidi ya moja, basilasi wa kusambaa kama nta iliyoyeyuka, korinebakteria, na E. koli katika sahani zote mbili. Laktobasili, wale walinzi wangu wa zambarau, hawakuwepo. Mtamba aliyekuwa bado hajaguswa alikuwa na uke unaofanana na ule wa Karembo kwa karibu kila kitu kilichoandikwa kwenye yale majibu tuliyoyatibu.

Tangu siku hiyo nimesoma mambo haya kwa bidii ambayo sikuwa nayo hata wakati wa mitihani, na ninataka kuyaeleza kwa utaratibu kwa sababu najua mama wengine wengi, Uthiru na Kikuyu na Ruai, wanamwaga maziwa kwa karatasi kama ile.

Uke wa ng'ombe hauna asidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu ng'ombe na kondoo wa jimbo la Montana, Marekani, ulipata wastani wa pH ya 7.3 kwa ng'ombe, na ulipohesabu bakteria kwa njia ya jeni ulikuta laktobasili hawafiki hata asilimia 1 ya wote. Karatasi yangu ya kipimo haikusema uongo. Mimi ndiye niliyeisoma kwa lugha ya kiumbe kingine. Sababu mojawapo inayotajwa ni sukari iitwayo glaikojeni, ambayo ukuta wa uke wa mwanamke huihifadhi kwa wingi na ambayo, ikivunjwavunjwa, huwa chakula cha laktobasili. Ukuta wa uke wa ng'ombe hauna akiba kubwa ya namna hiyo. Naongeza hapa, kwa haki ya wanawake ninaowahudumia, kwamba hata kwao wapo wengi wenye afya kamili ambao laktobasili si wengi. Kwa hiyo hata nyumbani kwake kanuni ile haikupaswa kushikwa kama sheria ya Musa.

Badala ya ufalme wa jamii moja, uke wa ng'ombe ni kama stendi ya mabasi. Mlango wake uko chini kidogo ya njia ya haja kubwa, na kila kinyesi kinapotoka hupitia jirani na midomo yake, na ng'ombe akilala kwenye sakafu yenye samadi mlango huo hugusa kila kilichopo. Ndiyo maana, uchunguzi wa jeni unapofanywa, huonekana makundi yaleyale yanayoishi tumboni mwa ng'ombe, wakiwemo bakteroide na jamaa wa ruminokokasi, ambao kwenye sahani zetu za kawaida hawaoti kwa sababu hewa ya oksijeni huwaua. Pamoja nao wapo wenyeji wa mahali penyewe. Ureaplasma diversum, bakteria asiye na ukuta wa seli, hupatikana kwa ng'ombe wengi wasio na dalili yoyote, ingawa huyohuyo huhusishwa na vipele vya midomo ya uke na mara nyingine na kuharibika kwa mimba. Histophilus somni naye hupatikana kwa wenye afya na kwa wagonjwa vilevile. Kwa bakteria wa namna hii jina peke yake halitoshi kutoa hukumu. Lazima ujue wako wangapi, wako sehemu gani ya njia ya uzazi, na ng'ombe mwenyewe ana hali gani.

Sehemu, kwa kweli, ina uzito mkubwa kuliko nilivyofikiri. Kutoka nje kwenda ndani kuna milango mitatu. Wa kwanza ni midomo ya uke, inayopaswa kufunga vizuri. Wa pili ni mkunjo wa misuli kati ya ukumbi wa uke na uke wenyewe. Wa tatu ni mlango wa kizazi, ambao kwa ng'ombe ni mrija mgumu wenye pete tatu au nne za ndani zinazokinzana, na wakati wa mimba huzibwa kwa ute mzito kama gundi. Homoni ndizo zinazofungua na kufunga. Estrojeni ya wakati wa joto hulegeza mlango, humwaga ute mwingi unaosukuma uchafu kwenda nje, na huleta chembe nyeupe za damu kwa wingi. Projesteroni ya siku zinazofuata hufunga mlango, lakini hupunguza pia nguvu ya ulinzi wa ndani, ili kiinitete kisichukuliwe kama mgeni. Ute wa Karembo uliokuwa ukining'inia kama uzi wa kioo ulikuwa mwili ukijisafisha, na sisi tukauchota na kuupeleka maabara kama ushahidi wa ugonjwa.

Fahali anapopanda, mbegu zake huachwa ukeni, na ni lazima zipite mlango wa tatu zenyewe. Mhudumu wa mbegu hufanya tofauti: mkono mmoja huingia kwa njia ya haja kubwa kushika mlango wa kizazi, na mkono mwingine hupitisha bomba jembamba katikati ya zile pete hadi ndani ya mfuko wa uzazi. Huduma hii ina historia ndefu hapa kwetu, kwa kuwa kituo cha taifa cha mbegu kilianzishwa Kabete mwaka 1946, na leo, kikiwa na jina jipya, bado hutoa mirija inayohifadhiwa katika nitrojeni ya kimiminika kwa nyuzi 196 chini ya sifuri. Mbegu zenyewe huchanganywa na viuavijasumu vichache ili zisibebe maradhi. Lakini hakuna dawa ndani ya mrija inayoweza kufidia bomba lililogusa mkia kabla ya kuingia. Bakteria ambao ukeni ni wapita njia wa kawaida husafirishwa na mkono wa binadamu hadi mahali ambapo mlango wa tatu ulijengwa kuwazuia wasifike. Mhudumu anayefuta midomo ya uke kwa karatasi kavu safi, anayefungua ala mpya ya plastiki ya kufunika bomba mbele ya macho yako na kuiingiza kwa kuielekeza juu kidogo, ana thamani kubwa kuliko chupa nzima ya dawa, na ningependa wafugaji wamlipe kwa kujua hivyo.

Mfuko wa uzazi wenyewe ndio sehemu ambayo wataalamu bado wanaibishania. Tangu mwaka 1900, Mfaransa Henry Tissier aliposema kwamba mtoto hukua mahali pasipo na kijidudu chochote, tulifundishwa kwamba mfuko wa uzazi wenye afya ni safi kabisa. Mwaka 2017 watafiti wa Missouri walichapisha kwamba wamekuta jeni za bakteria katika mifuko ya uzazi ya mitamba ambao hawajawahi kupandwa, na hata ya ng'ombe wenye mimba. Mimi nauchukulia ugunduzi huo kwa heshima na kwa tahadhari pia, kwa sababu nafahamu maabara: mahali penye bakteria wachache mno, vumbi la jeni lililomo kwenye kemikali na vifaa vyenyewe linaweza kuonekana kama wakazi, na jeni ya bakteria si lazima iwe ya bakteria aliye hai. Linaloniridhisha ni kwamba swali limefunguliwa upya.

Baada ya kuzaa, hata hivyo, hakuna ubishi. Milango yote mitatu hufunguka ili ndama apite, na katika wiki mbili za kwanza kati ya asilimia 80 na 100 ya ng'ombe huwa na bakteria ndani ya mfuko wa uzazi. Soma sentensi hiyo tena ukiwa mfugaji: karibu wote, wakiwemo wale ambao hawataugua kamwe. Walipofuatiliwa kwa jeni tangu saa ya kuzaa, wale waliougua baadaye na wale waliobaki wazima walikuwa na jamii zinazofanana katika siku mbili za mwanzo, kisha njia zikatengana. Kwa wanaougua, aina hupungua, na wachache wasiopenda oksijeni, kama vile bakteroide, porfiromonasi na fusobakteria, hutawala. Ugonjwa huanza pale mchanganyiko unapokosa mizani, na hilo ni jambo tofauti kabisa na bakteria kuwepo.

Tena wanaoleta madhara hushirikiana kwa namna ambayo, kama mtu wa maabara, siwezi kuisoma bila kustaajabu. E. koli mara nyingi hutangulia na kuudhoofisha ukuta. Trueperella pyogenes hufuata, akiwa na sumu inayotoboa seli za ndani zilizobaki wazi baada ya ukuta wa juu kubanduka. Naye hutoa kitu kinachomsaidia Fusobacterium necrophorum akue, huyo fusobakteria hutoa sumu inayoua chembe nyeupe za damu, na prevotela hutoa kitu kinachozuia chembe hizo zisiwameze wenzake. Huyu Trueperella amebadilishwa jina mara nyingi, akiwa Corynebacterium, kisha Actinomyces, kisha Arcanobacterium, hadi alipopewa jina la sasa mwaka 2011, kwa hiyo anayesoma vitabu vya zamani vya mifugo asidhani ni bakteria wanne.

Ni nini basi kinachoamua njia ipi ifuatwe? Mara nyingi jibu liko nje ya sahani ya agari. Ng'ombe aliyezaa kwa shida, aliyezaa mapacha, au ambaye kondo la nyuma limekwama zaidi ya saa 24, amebakiwa na nyama inayooza na majeraha ya kuwalisha wale washirika. Ng'ombe anayeanza kutoa maziwa mengi huku tumbo lake halijaweza kula vya kutosha hutumia mafuta ya mwili wake, na katika hali hiyo chembe zake nyeupe za damu hupungua nguvu. Upungufu wa kalsiamu hulegeza misuli ya mfuko wa uzazi, uchafu ukabaki ndani. Mfuko wa ng'ombe mwenye afya hujikunja na kurudi karibu na ukubwa wake wa kawaida kwa takriban mwezi mmoja, na unapojikunja husukuma nje majimaji mekundu ya kahawia ambayo polepole hugeuka kuwa meupe na mazito. Majimaji hayo yanaogopesha kuyatazama, lakini hayanuki vibaya, na ng'ombe anayeyatoa anakula. Yakiwa mepesi kama maji, mekundu ya kahawia na yenye harufu inayokufukuza zizini, na kipimajoto kikasoma zaidi ya nyuzi 39.5, huo ni uvimbe wa mfuko wa uzazi na daktari aitwe siku hiyohiyo. Usaha unaoendelea baada ya siku 21 nao ni ugonjwa unaohitaji tiba. Karembo hakuwa na hata moja kati ya haya.

Lazima niseme pia, bila kuficha chochote, kwamba wapo bakteria ambao hawana nafasi ya kuitwa wa kawaida hata wakipatikana kwa ng'ombe anayeng'aa kwa afya. Brucella abortus, aliyetambuliwa na Bernhard Bang wa Denmaki mwaka 1897, ni mmoja wao. Huharibu mimba katika miezi ya mwisho na humwambukiza binadamu kupitia maziwa mabichi na kupitia kondo na majimaji ya uzazi. Campylobacter fetus wa aina ya zinaa ni mwingine, naye hukaa katika mikunjo ya ngozi ya uume wa fahali, ambaye haonyeshi dalili yoyote huku akimwambukiza kila ng'ombe anayempanda. Kwa hiyo mimba ikiharibika zizini kwako, usiguse kitu kwa mikono mitupu, usimpe mbwa kondo, na umwite daktari wa mifugo. Hapo maabara ina kazi ya kweli, kwa sababu inatafuta adui anayejulikana kwa jina. Kuotesha ute wa uke wa ng'ombe asiye na dalili na kutibu chochote kitakachoota ni shughuli nyingine kabisa.

Na shughuli hiyo haina bei ndogo. Maziwa yenye viuavijasumu hayagandi vizuri, kwa kuwa bakteria wa kugandisha maziwa lala, wakiwemo laktobasili, hushindwa na dawa ileile. Hapo mtu anaweza kuona kwa macho kile kinachoweza kutokea pia katika utumbo wa mtoto anayeyanywa. Ndama anayenyweshwa maziwa ya kumwagwa hulea bakteria sugu ndani yake. Kazini kwangu naona kila wiki sahani za E. koli ambazo vidonge vya dawa vimezungukwa na ukuaji hadi ukingoni, bila ile duara safi inayoonyesha kwamba dawa imefanya kazi, na wagonjwa waliotoa sampuli hizo wanasubiri wodini. Siwezi kusema ni sugu kutoka zizi gani au kutoka duka gani la dawa. Nasema tu kwamba mimi, ninayeziona sahani hizo, niliagiza dawa mara mbili kwa ng'ombe asiyeumwa.

Kilichomfanya Karembo arudie kilipatikana kwa kuuliza, si kwa kuotesha. Mwalimu alizungumza na kijana anayekamua, akamuuliza ng'ombe huanza lini kukubali kupandwa na wenzake. Kijana akasema anaanza alfajiri, saa kumi na nusu, wakati wa kukamua. Hakuwahi kumwambia Mama kwa kuwa hakuna aliyemuuliza. Mama alikuwa akiuona ute saa kumi jioni, akipiga simu, na mhudumu, akiwa na mizunguko yake mingi, alifika kesho yake saa sita au saa saba mchana. Yai la ng'ombe hutoka yapata saa 28 tangu joto kuanza, na mbegu huhitaji saa kadhaa za kujiandaa ndani ya njia ya uzazi kabla hazijaweza kulitunga. Tulikuwa tukipandisha baada ya saa 32. Kanuni ya zamani inasema anayeonekana asubuhi apandishwe jioni ya siku hiyo, na anayeonekana jioni apandishwe asubuhi. Sisi tulidhani tunaifuata, kumbe jioni yetu ilikuwa asubuhi ya Karembo.

Tarehe 14 Oktoba kijana alipiga simu kabla ya adhana ya alfajiri. Mhudumu alifika saa kumi jioni, akafuta, akafungua ala mpya. Karembo hakurudi.

Alizaa tarehe 26 Julai, katika baridi ile ya Nairobi inayofanya pumzi ya ng'ombe ionekane kama moshi, ndama jike mwenye doa la mama yake. Siku ya tisa Mama alinipigia nikiwa kazini, akasema Karembo anatoa majimaji ya rangi ya chai ya rangi iliyokolea, tena mengi, na kwamba jirani mmoja amemshauri aweke vidonge vya dawa ndani ya mfuko wa uzazi mapema. Nikamuuliza kama yananuka.

"Yananuka ng'ombe tu," akasema.

Nikamwomba aweke kipimajoto na asikate simu. Nilimsikia akimtuliza Karembo kwa Kikuyu, kijana akisogeza ndoo, na mbali zaidi magari ya barabara ya Naivasha. Kikasoma 38.6. Nikamuuliza kama amekula, akanijibu kwamba amemaliza nepia yake na sasa anavuta ya mtamba. Tukakubaliana abadilishe matandiko ya zizi, apime tena asubuhi na jioni, na asiweke kitu chochote. Siku ya kumi na nne majimaji yalikuwa meupe. Siku ya kumi na nane Mama alisema hayapo, kisha akaendelea kunieleza habari za bei ya unga wa kulisha ng'ombe.